Mtoto wa kidato cha kwanza apewe mizizi, si orodha za kukariri

Kila Januari shule zinapofunguliwa, mitaa mingi ya Tanzania huanza kusikika sauti ileile. Mtoto amekaa barazani jioni, daftari mapajani, anarudia neno moja mpaka ulimi unachoka: "photosynthesis, photosynthesis, photosynthesis." Akilishika hilo anahamia "chlorophyll", kisha "osmosis", kisha "arthropoda". Mama anayepita na ndoo ya maji anafurahi kwamba mwanawe anasoma. Kweli anasoma, lakini akiulizwa lile neno limebeba nini ndani yake, atakodoa macho tu. Mwalimu kasema likaririwe, nalo linakaririwa.

Ajabu ni kwamba mtoto huyohuyo somo lenyewe analijua. Shule ya msingi alifundishwa usanisinuru: mmea hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Jina hilo lilimweleza kazi yake, maana "nuru" anaijua tangu utotoni, na "usanisi" ni kuunganisha vitu vikatoa kitu kipya. Sasa "photosynthesis" ni neno lilelile kwa Kigiriki: "photo" ni nuru, "synthesis" ni usanisi, moja kwa moja, bila kupinda. Hakuna aliyemwambia. Amepewa dafu bila panga.

Makala haya yanashikilia jambo moja. Mwanafunzi wa sekondari hana upungufu wa akili wala wa kumbukumbu. Alichokosa ni vipande. Maneno yanayomtisha katika biolojia, jiografia, hisabati na fizikia yameungwa kwa mizizi ya Kilatini na Kigiriki ambayo si mingi, na hurudi tena na tena. Akifundishwa mizizi hiyo mapema, tena kwa Kiswahili, mzigo utapungua kuliko unavyopunguzwa na tuisheni ya kukariri. Na msemaji wa Kiswahili, kwa jinsi lugha yake ilivyoumbwa, yuko tayari kwa kazi hii kuliko hata mtoto wa London.

Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Walimkusudia mtu asiyeelewa hata akielezwa. Je, itakuwaje kwa yule ambaye maana anayo tayari, ila hakuna anayemwambia kwamba anayo?

Kiingereza cha sokoni na Kiingereza cha darasani

Kiingereza ni kimoja kwa jina, lakini maneno yake yana asili mbili kubwa. Maneno ya kila siku kama "water", "bread", "mother", "house" na "eat" yaliletwa Uingereza na Waanglia na Wasaksoni, watu wa jamii ya Kijerumani waliovuka bahari kuanzia karne ya 5. Mwaka 1066 Wanormani wakaiteka nchi hiyo, na kwa karne kadhaa mambo ya ikulu na mahakama yakaendeshwa kwa Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Wasomi nao waliandika kwa Kilatini kwa muda mrefu. Hata kitabu kikuu cha Isaac Newton cha mwaka 1687 hakikuandikwa kwa Kiingereza. Kila sayansi ilipogundua kitu kipya, ilikwenda kuazima jina kwa Wagiriki na Warumi. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi kubwa za Kiingereza yana asili ya Kilatini, Kifaransa au Kigiriki.

Matokeo yake ni lugha ambayo neno la nyumbani halifanani na la darasani. Jua ni "sun", lakini linapoingia kitabuni linakuwa "solar". Jino ni "tooth", anayeling'oa ni "dentist". Moyo ni "heart", daktari wake ni "cardiologist". Mtoto aliyezaliwa Manchester naye huvuka pengo hilo, ila yeye kazungukwa na redio, vitabu na wazazi wanaolisema neno kila siku. Mtoto wa Nachingwea anakutana nalo ubaoni, mara moja, halafu analikuta tena kwenye mtihani.

Lakini hata huyo wa Nachingwea si mgeni kabisa. Juu ya bati la kwao huenda kuna paneli ya sola inayowasha taa na kuchaji simu. "Sol" ni jua kwa Kilatini. Neno la Warumi limekaa juu ya paa, na shule haijalitumia.

Miguu ya mende, magoti ya bibi

Tulichukue "arthropoda", lile kundi la wadudu, kaa, nge na buibui linalowapa watoto taabu kila mwaka. "Arthron" ni kiungo cha mwili kwa Kigiriki, kama goti au kiwiko. "Pous", ambalo likinyambuliwa huwa "podos", ni mguu. Kwa hiyo arthropoda ni wenye miguu ya viungo. Mwanafunzi akamtazame mende ukutani, aone mguu unavyokunjika sehemu kwa sehemu. Hana haja tena ya kukariri sifa ya kwanza ya kundi hilo, kwa sababu jina limeshaitaja.

Sasa bibi yake akienda zahanati, magoti yamevimba na yanauma, anaambiwa ana "arthritis". Kiungo kile kile cha mende. Kipande cha mwisho, "-itis", hutumiwa na madaktari kwa uvimbe unaoambatana na joto na maumivu. Kipande hicho kimoja kikieleweka, mlango umefunguka: "hepatitis" ni ya ini, "gastritis" ni ya tumbo, "dermatitis" ni ya ngozi, "tonsillitis" ni ya mafindofindo. Na "gastr-" hiyo ya tumbo inarudi darasani kwa konokono, ambaye kundi lake huitwa "gastropoda", kwa kuwa anatembea kana kwamba tumbo ndilo mguu wake. Pweza naye, yule wa kukaangwa na kuuzwa vipande Forodhani na Magomeni, ni "octopus": miguu minane.

Bandu bandu huisha gogo. Mizizi mitatu minne kwa jioni, na sura nzima ya biolojia inaanza kusomeka.

Hisabati hali ni hiyohiyo. Pembetatu inayoitwa "isosceles" huwatoa watoto jasho kwa tahajia yake tu. "Isos" ni sawa, "skelos" ni mguu: pembetatu yenye miguu miwili iliyo sawa, ndivyo inavyoonekana ikisimamishwa. Halafu "isos" huyohuyo anahamia jiografia. Mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye joto sawa ni "isotherm", zenye mvua sawa ni "isohyet", zenye kanieneo sawa ya hewa ni "isobar". Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa jiografia wanafundisha mzizi mmoja katika vyumba viwili, na hakuna kati yao anayemtaja mwenzake.

Mizizi iliyozikwa Lindi na pwani

Kuna wanaodhani Kilatini na Kigiriki ni mambo ya Ulaya yasiyohusu nchi hizi. Ardhi ya Tanzania yenyewe inawakanusha.

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, wakaisafirisha hadi Berlin iliko hadi leo. Mmoja wa wanyama hao aliitwa Kentrosaurus. "Sauros" ni mjusi. "Kentron" ni ncha kali, mwiba, na kweli mnyama huyo alikuwa na miiba mgongoni na mkiani. Sasa mwanafunzi achukue bikari yake. Ncha ya chuma inapochoma karatasi ili duara lizunguke, pale pana jina: "centre". Neno hilo limetoka kwa "kentron" huyohuyo, kwa sababu katikati ya duara ni mahali ncha ilipochomekwa. Ni somo gani la jiometria litasahaulika likifundishwa kwa mfupa wa Lindi?

Kwenda kaskazini, Bonde la Olduvai, Julai 1959, mtafiti Mary Leakey aliona fuvu lililokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Zinjanthropus. "Anthropos" ni binadamu kwa Kigiriki, na Zinj ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliwaita watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Wanasayansi baadaye walibadilisha jina la kundi lake, lakini hilo la kwanza bado ndilo linalofundisha: binadamu wa Zinj. Jirani na hapo, Ngorongoro, anaishi kifaru mweusi, kitaalamu Diceros bicornis. Jina hili lina kichekesho chake. "Di-ceros" ni pembe mbili kwa Kigiriki, "bi-cornis" ni pembe mbili kwa Kilatini. Wataalamu wamemwita mnyama yule "Pembembili Pembembili", na yeyote anayeujua ukweli huo hatasahau tena kwamba "di-" na "bi-" zote ni mbili.

Lakini mfano mtamu kuliko yote uko pwani. Katika karne ya 1, mfanyabiashara asiyejulikana jina aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za Bahari ya Erythra, yaani bahari nyekundu, jina ambalo Wagiriki walilitandaza hadi Bahari ya Hindi. "Erythros" ni nyekundu. Waitaliano walipolipa koloni lao jina la Eritrea mwaka 1890, walilitoa humohumo. Na katika damu ya kila mtu, seli nyekundu zinaitwa "erythrocyte". Mwanafunzi anayehangaika na neno hilo amelisikia jina la nchi hiyo kwenye taarifa ya habari mara ngapi?

Kitabu hicho kinautaja mji wa biashara ulioitwa Rhapta, ambao watafiti wengi wanauweka katika pwani ya Tanzania, na kinasema jina hilo lilitokana na vyombo vya huko vilivyokuwa vimeshonwa. Wenyeji wa Lamu walikuja kuviita vyombo vya namna hiyo mitepe: mbao zimeunganishwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari. Kushona kwa Kigiriki ni "rhaptein". Leo daktari wa upasuaji anapoandika "herniorrhaphy" kwenye faili la mgonjwa wa ngiri, ile "-rrhaphy" ya mwisho ni kushona kulekule. Mafundi mitepe wa pwani na madaktari wa upasuaji wamekutana kwenye mzizi mmoja, na hakuna kitabu cha kidato cha kwanza kinachowakutanisha.

Video maana yake "ninaona"

Kuna sababu nyingine ya kuamini kwamba watoto wa Kiswahili wataiweza kazi hii. Mwingereza akitaka kusema "ninaona" anahitaji maneno mawili au matatu. Mrumi alisema neno moja: "video". "Ninasikia" ni "audio". "Ninakataza" ni "veto", na ndiyo kura ambayo mataifa matano yanaipiga Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Lile neno "exit" lililobandikwa juu ya milango ya kumbi za sinema na hoteli ni sentensi kamili kwa Kilatini: "anatoka". Mtendaji, wakati na kitendo vimekaa ndani ya neno moja, kama vinavyokaa katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba Kiswahili humweka mtendaji mwanzoni, Kilatini humweka mwishoni.

Kijana aliyeketi katika banda la video Manzese, kwa hiyo, yuko ndani ya banda la "ninaona".

Msemaji wa Kiswahili hupasua maneno tangu akiwa na miaka mitatu. Akijua "piga", hakuna anayemkaririsha "pigana", "pigia", "pigisha", "pigo" wala "mpigaji". Sekondari mwalimu wa Kiswahili humpa neno kama "anayempigia" alitenganishe mofimu zake: a-na-ye-m-pig-i-a, na mtoto huzipanga bila kutetemeka. Maneno mzizi, kiambishi awali na kiambishi tamati anayo kichwani. Kengele ikilia, anaingia mwalimu wa biolojia, na ujuzi wote ule unabaki kwenye daftari la Kiswahili. "Inspector" linakaririwa peke yake, "spectator" peke yake, "spectacles" peke yake, wakati yote matatu yamejengwa juu ya kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kutazama: anayetazama ndani, anayetazama mchezo, vya kutazamia. Kwa nini walimu hao wawili, wanaokunywa chai katika ofisi moja saa nne asubuhi, wasiongee?

Hata bila shule, Kigiriki kiliingia nyumba za Waswahili kitambo. Kalamu imepitia Kiarabu kutoka "kalamos", tete lililochongwa la kuandikia. Karatasi imepita njia hiyohiyo kutoka "khartes", neno ambalo upande wa Kiingereza limezaa "chart", "card" na "charter". Kanuni ni "kanon". Shule imekuja na Wajerumani, skuli ya Zanzibar imekuja na Waingereza, na zote mbili asili yao ni "skhole", lililomaanisha wasaa wa mtu asiye na kazi za kumsonga. Mwanafunzi anayekaa shuleni, ameshika kalamu, mbele ya karatasi, akifuata kanuni, kazungukwa na Kigiriki kabla hajafungua kitabu cha Kiingereza.

Milango mitatu ya hospitali

Haya si mapambo ya wasomi. Yana bei nyumbani.

Mzazi mwenye kipato cha kubahatisha hulipa tuisheni ya jioni, ananunua vitini, ananunua kitabu cha maswali na majibu, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda kumkaririsha mtoto maana za maneno. Muda nao ni gharama. Msichana anayerudi shule akapike, achote maji, na amwogeshe mdogo wake, anabakiwa na saa moja ya kusoma kabla taa haijazimwa. Saa hiyo ikiisha kwa kurudia neno moja asilolielewa, wa kulaumiwa ni nani?

Halafu kuna hospitali. Katika nyingi, vibao vya wodi bado ni vya Kiingereza. Mama mjamzito anatafuta "antenatal", aliyejifungua anaelekezwa "postnatal", na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati yuko "neonatal". Milango mitatu, mzizi mmoja: "natus", aliyezaliwa. "Ante" ni kabla, "post" ni baada, "neo" ni mpya. Herufi "am" na "pm" zinazoonekana kwenye saa ya simu ni "ante" na "post" hizohizo, kabla na baada ya adhuhuri. Na ile postmotamu ambayo familia huambiwa wasubiri kabla ya kupewa maiti ni "baada ya kifo". "Mort-" hiyo ndiyo iliyotupa mochwari.

Panapouma zaidi ni pale herufi mbili zinapotenganisha hatari na hatari nyingine. "Hyper" ni juu, kupita kiasi. "Hypo" ni chini. Mgonjwa wa kisukari mwenye "hypoglycemia" sukari yake imeshuka, na kwa kawaida akiwa na fahamu huhitaji kitu kitamu haraka. Mwenye "hyperglycemia" imepanda, na soda ya kumpa nguvu ndiyo itakayomwongezea tatizo. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi ina mtoto mmoja wa sekondari anayekabidhiwa karatasi za daktari azisome. Anapaswa kuzitofautisha hizo mbili kama anavyotofautisha panda na shuka.

Daktari naye huandika "bd" au "tds" kwenye faili, na dirishani mfamasia anageuza kuwa kutwa mara mbili, kutwa mara tatu. Hizo herufi ni vifupisho vya Kilatini, na "bis", mara mbili, ndiyo "bi-" ya "bicycle". Kuuliza si ujinga, lakini mgonjwa anayejua cha kuuliza hupata jibu mapema.

Mitego ipo

Anayesema mizizi inatosha kumfundisha mtu Kiingereza anadanganya. Hakuna mzizi wa Kigiriki utakaomsaidia mwanafunzi kutofautisha "put up", "put off" na "put up with". Kuongea kunapatikana kwa kuongea, na kusoma hadithi nyingi kunafundisha vitu ambavyo orodha yoyote haivigusi. Mizizi ina nguvu katika maneno marefu ya darasani, ya hospitali na ya sheria. Kwenye mazungumzo ya kituo cha basi haina kazi kubwa.

Tena mizizi inaweza kumpotosha mtu. "Pedestrian", mtembea kwa miguu, ana mguu wa Kilatini, "pedis". Lakini "pediatrician", daktari wa watoto, hana mguu wowote. Humo mna mtoto wa Kigiriki, "paidos", ndiyo maana Waingereza huandika "paediatrician". "Homo" ya Kilatini katika Homo habilis ni binadamu, wakati "homo" ya Kigiriki katika "homogeneous" ni -moja, -a namna moja. "Import" na "export" zina kubeba ndani yake, "portare", ila bandari ya Tanga ni "port" ya neno jingine, "portus". Desemba asili yake ni "decem", kumi, na bado ni mwezi wa 12, kwa sababu kalenda ya kale ya Warumi ilianza Machi.

Mtego wa hatari zaidi umeandikwa kwenye malori ya mafuta: "inflammable". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "in-" ni kanusho, kama katika "incorrect", atasoma kwamba mzigo ule hauwaki. Unawaka sana. "In-" hiyo ni ya kutia ndani, kutia moto. Mwalimu mzuri atautumia mfano huo kuwaonya kwamba mzizi unampa mtu ubashiri, na ubashiri unathibitishwa kwa sentensi nzima na kwa kamusi.

Wapo pia watakaouliza: kwa nini jasho lote hili, sekondari isifundishe kwa Kiswahili yakaisha? Ni swali zito, na wanaolibeba wana hoja. Mtoto aliyeelewa usanisinuru kwa lugha yake hakupaswa kuanza upya. Lakini aliye darasani leo atafanya mtihani wake kwa Kiingereza, na mjadala wa sera hautamsubiri. Tena siku Kiswahili kikichukua nafasi hiyo, wataalamu wa istilahi watakuwa wakifanya kazi ileile ya kupasua na kuunga iliyozaa usanisinuru. Njia hizi mbili hazigombani.

Waanze walio karibu na mtoto

Kazi hii haihitaji mtaala mpya wala mwalimu wa Kilatini. Hakuna anayetaka mtoto wa Kibaha anyambue vitenzi vya Julius Caesar. Wazee waliopita seminari za zamani walifanya hivyo, na misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini mpaka mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano miaka ya 1960. Zama zile zimepita na hazina haja ya kurudishwa. Kinachotakiwa ni vipande vichache vyenye matumizi mengi. Mwandishi wa Kimarekani Norman Lewis alikitungia jambo hili kitabu kizima mwaka 1949, Word Power Made Easy, na bado kinasomwa. Ila kiliandikwa kwa mtu ambaye Kiingereza anakijua tayari. Mtoto wa kidato cha kwanza anahitaji chake, chenye maelezo ya Kiswahili na mifano ya mende, pweza, sola na Tendaguru.

Wachapishaji wa vitabu vya kiada wanaweza kuanza na ukurasa mmoja mwishoni mwa kitabu cha biolojia, mzizi upande huu, Kiswahili upande ule. Walimu wa masomo ya sayansi wanaweza kutumia dakika tano za kwanza za kila mada kupasua neno kubwa la siku hiyo ubaoni, na wamwombe mwenzao wa Kiswahili awasaidie, maana yeye ndiye fundi wa viambishi. Wiki zile za mwanzo ambazo shule nyingi huwafundisha wageni wa kidato cha kwanza Kiingereza cha kuanzia zingefaa kuwa na mizizi ndani yake kabla ya orodha ndefu za msamiati.

Mzazi naye, hata asiyejua Kiingereza, ana sehemu yake. Akimsikia mwanawe akirudia neno refu barazani, amwulize swali moja: limeungwa na nini? Mtoto akishindwa, kamusi kubwa za Kiingereza huandika asili ya neno mwishoni mwa maelezo yake, na katika nyingi kifupisho "L" ni Kilatini na "Gk" ni Kigiriki. Simu yenye intaneti nayo inatoa jibu hilo bila malipo zaidi ya bando. Litafutwe usiku huohuo, liandikwe daftarini kwa Kiswahili kando ya lile la Kiingereza, na kesho yake apewe jingine.